Kupaka kinga mpini wa kisu cha kukunja: tatizo halianzii juu ya mbao, linaanzia ndani ya mfereji

#1. Mwanzisha uzi (Tanga)

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kutengeneza na kukarabati mipini ya visu hapa Tanga, na wateja wangu wengi ni wavuvi na watu wa bandarini. Katika visu vyote vinavyoletwa mezani kwangu, kinachorudi mara nyingi zaidi ni kisu cha kukunja chenye mpini wa mbao, na shida yake ni ileile kila mwaka: wakati wa kaskazi kilikuwa kinafunguka kwa ukucha mmoja, masika yalipoingia bapa likagoma kutoka kwenye mfereji wake, yaani ule mwanya wa ndani ya mpini linamolala, hadi mwenyewe akalivuta kwa koleo na kulivunja ncha. Mwenye kisu hudhani ni kutu. Nikikichunguza nakuta kutu ni kidogo tu; mbao ndiyo iliyokunywa maji, ikafura, na mashavu mawili ya mpini yakalikaba bapa.

Nimefungua uzi huu kwa sababu nimesoma humu mara nyingi ushauri wa kwamba mpini upakwe vanishi na mambo yamekwisha. Niliwahi kuufuata ushauri huo kwa kazi ya mteja, na nitaeleza hapa chini uliponifikisha.

Kwanza tuelewane kuhusu mbao yenyewe. Mbao haifuri sawasawa kila upande. Kwa urefu, yaani kufuata nyuzi, badiliko lake ni dogo kiasi cha kutohesabika. Kwa upana, hasa ule unaofuata duara za umri wa mti, badiliko ni kubwa. Kisu cha kukunja kinachofahamika zaidi duniani kwa mpini wa mbao ni Opinel, ambacho Joseph Opinel alikibuni mwaka 1890 katika milima ya Savoie, Ufaransa. Mpini wake ni kipande kimoja cha mbao, kwa kawaida ya mti ambao Wafaransa huuita hêtre. Ndani yake umechongwa mfereji wa kulaza bapa, ribiti moja, yaani pini ya chuma ambayo bapa huzungukia, inashika kila kitu, na tangu mwaka 1955 kuna pete inayozungushwa ili bapa lisijifunge lenyewe kwenye vidole. Hêtre ni mbao nzuri kuchonga, ngumu, yenye nyuzi za karibukaribu, lakini ni miongoni mwa mbao zinazocheza sana na unyevu: kutoka ubichi hadi ukavu kamili hunywea karibu asilimia 12 kwa upande huo wa duara. Watu wa Savoie wenyewe wana mbinu ya siku nyingi ya kugonga kitako cha mpini juu ya kitu kigumu ili bapa lililokabwa lichomoze, nayo inaitwa coup du Savoyard. Sasa ikiwa watu wa mlimani wamehitaji mbinu hiyo, sisi tunaoishi hatua chache kutoka baharini tuna haja kubwa zaidi ya kuielewa mbao.

Tufanye hesabu ndogo. Hewa yenye unyevu wa asilimia 60 huifanya mbao itulie ikiwa na maji ya karibu asilimia 11 ya uzito wake mkavu. Hewa ya asilimia 80 huipandisha hadi karibu asilimia 16. Kwa mbao kama hêtre, shavu la mpini lenye unene wa milimita 7 likipanda kutoka 11 hadi 16 huongezeka unene kwa karibu milimita 0.14, na mashavu mawili kwa pamoja yanapita robo ya milimita. Laiti mbao ingeachwa huru ingetanuka kwenda nje na mfereji nao ungetanuka pamoja nayo. Tatizo ni kwamba pale kwenye shina la bapa mbao imefungwa kwa ribiti, na katika visu vingine kwa pete ya chuma pia, na chuma hakifuri. Shavu likizuiwa nje hufura kwenda ndani, na ndani kuna bapa. Hapo hakuna kumwagiwa maji wala kuzamishwa baharini. Ni hewa tu ya msimu.

Sasa jambo ambalo wengi hawaliangalii. Geuza kisu chako, ufungue bapa, uchungulie ndani ya mfereji kwa tochi. Katika visu vingi utaona mbao tupu, nyeupe, yenye alama za msumeno, haijaguswa na vanishi wala mafuta. Upande wa nje unang'aa, wa ndani uko uchi. Na ndani ndiko jasho, maji ya samaki, utomvu wa embe na maji ya kuoshea yanakoishia na kukaa, kwa sababu hayana pa kutokea. Kinga iliyopakwa nje peke yake ni sawa na kuezeka nyumba kwa bati jipya na kuacha dirisha la upande wa mvua wazi.

Nilivyokosea mimi ni hivi. Mzee mmoja mvuvi aliniletea kisu alichokitumia kwa miaka mingi, mpini umekauka na kupasuka kidogo kitakoni. Nikaupiga msasa, nikaupaka vanishi nzito mikono mitatu, nje na ndani ya mfereji, nikaona fahari kwa jinsi ulivyong'aa. Aliporudi baada ya miezi miwili, nilijionea mwenyewe: ndani ya mfereji bapa lilikuwa limekwangua vanishi mistari miwili mirefu, maji yakaingia kupitia mistari hiyo na kusambaa chini ya utando, na kwa sababu utando ulikuwa mzima sehemu nyingine, hayakuweza kutoka. Vanishi ilikuwa imefanya madoa meupe kama ukungu kwenye kioo, na nilipoigusa kwa ukucha ilibanduka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua. Chini yake mbao ilikuwa nyeusi. Nikamrudishia fedha zake, nikamchongea mpini mwingine.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: kwa mpini wa kisu cha kukunja, kinga nzuri ni ile inayoingia ndani ya mbao na kukaukia humo, siyo inayokaa juu yake. Mpini wa jembe au wa shoka unaweza kubeba utando mnene. Mpini unaopokea bapa tumboni mwake hauwezi, kwa sababu kila unene unaouongeza umeutoa kwenye nafasi ya bapa.

Ninavyofanya sasa, kwa mipini ya mbao ya kawaida, nitaeleza kwa kirefu, kwa kuwa uharibifu mwingi hutokea kabla hata kopo la mafuta halijafunguliwa.

Kisu kilichokaa baharini kioshwe kwanza kwa maji baridi ya bomba. Watu hushangaa nikisema tuanze kwa kulowesha kitu tunachotaka kukikausha. Sababu yake ni chumvi. Chumvi huvuta maji kutoka hewani, na hewa ikishapita unyevu wa karibu asilimia 75 chumvi ya kawaida huyeyuka yenyewe ikawa maji. Chumvi ya bahari huanza mapema zaidi kwa sababu ya madini mengine yaliyochanganyika nayo. Mpini wenye chumvi ndani ya vinyweleo vyake hautakauka sawasawa pwani hata ukiuweka kabatini mwaka mzima. Uoshe haraka mara mbili au tatu kwa maji safi, ukisugua mfereji kwa mswaki wa meno wa zamani, kisha ufute.

Baada ya hapo kausha, kivulini, mahali penye upepo. Usiweke juani wala juu ya jiko, kwa maana sehemu ya nje itanywea kabla ya ndani na mpini utapasuka kitakoni. Kujua kama umekauka sitegemei macho. Nina mzani mdogo wa dijitali wa kupimia viungo. Naweka kisu kila asubuhi saa ileile na kuandika uzito kwa kalamu kwenye ubao wa karakana. Uzito ukiendelea kushuka, maji bado yanatoka. Ukikaa palepale siku tatu mfululizo, mbao imetulia na hewa ya hapo. Paka mafuta kabla ya hapo na utakuwa umeyafungia maji ndani.

Msasa: namba 120 kama kuna vanishi ya zamani ya kuondoa, halafu 240, halafu 400. Ndani ya mfereji nakunja msasa wa 240 juu ya kipande chembamba cha mwanzi na kupitisha mara chache tu. Ukizidisha, bapa litacheza. Funika bapa kwa tepu ya karatasi, kwa usalama wa vidole vyako kuliko kwa ajili ya bapa.

Kabla ya mafuta ya kinga, dondosha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ribiti, fungua na kufunga kisu mara kumi, ufute yanayotoka. Hatua hii nilijifunza kwa hasara. Mafuta ya kinga yanayokauka yakiingia kwenye ribiti yatakaukia humo pia, na yatageuka gundi. Utakuwa umeponya mbao na kuua egemeo la bapa. Mafuta ya cherehani hayakauki, kwa hiyo yakitangulia kushika nafasi, yale mengine hayagandi pale.

Mafuta yenyewe ni ya mbegu za kitani, ambayo madukani mwetu huitwa linsidi. Haya hayakauki kwa kupoteza maji kama rangi ya ukuta. Yanavuta oksijeni hewani na kushikana yenyewe kwa yenyewe hadi yanakuwa kitu kigumu chenye mnyumbuko. Linsidi mbichi huchukua siku nyingi, wakati mwingine majuma. Ile inayoitwa ya kuchemsha imetiwa vikaushio vya madini na mkono mmoja hukauka kwa siku moja au mbili hali ya hewa ikiruhusu. Mkono wa kwanza nachanganya nusu kwa nusu na tapentaini ili uwe mwepesi na uzame. Nasimamisha kisu ndani ya glasi ndogo, kitako chini, mafuta yakifika sentimita mbili hivi, kwa kuwa kitakoni nyuzi zimekatwa na ndiko mbao inakonywa zaidi. Ukiinamisha kichwa usawa wa glasi utaona vitone vidogo vya hewa vikitoka kwenye vinyweleo na kupanda kimoja kimoja, na weusi wa mafuta ukipanda polepole kwenye nyuzi juu zaidi ya usawa wa mafuta yenyewe. Mimi mpaka leo huacha kazi nyingine nikaitazama.

Sehemu iliyobaki na mfereji napaka kwa brashi ya rangi ya watoto. Baada ya dakika 20 nafuta kila kitu, nikirudia ndani ya mfereji kwa kipande cha kitambaa kilichokunjwa, mpaka kitambaa kitoke karibu kikavu. Mafuta yanayobaki juu bila kufutwa ndiyo yanayoganda kuwa utando wa kunata. Kisha kisu kikae kikiwa kimefunguliwa nusu. Mikono minne inatosha, kuanzia wa pili bila tapentaini au kwa kidogo sana.

Matambara ya linsidi yasirundikwe. Narudia: yasirundikwe. Mafuta yanapovuta oksijeni hutoa joto, na katika rundo joto halina pa kwenda. Linapanda hadi tambara linawaka bila kiberiti, saa kadhaa baada ya fundi kufunga karakana na kwenda kulala. Yatandaze moja moja nje juu ya saruji hadi yawe magumu, au yatumbukize kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.

Mwisho ni nta ya nyuki, ambayo nchi yetu inayo nzuri kutoka Tabora. Nayeyusha sehemu moja ya nta katika sehemu nne za linsidi kwa uzito, sufuria ndogo ikiwa ndani ya sufuria kubwa ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wa wazi. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo maji hayahitaji hata kuchemka. Ikipoa inakuwa laini kama samli. Napaka kidogo, nasubiri nusu saa, nasugua kwa kitambaa cha pamba. Nta peke yake haizuii mvuke wa hewa kwa kiasi kikubwa, lakini inalifanya tone la maji lisimame juu ya mbao badala ya kuzama.

Karibuni kwa michango, hasa wenye uzoefu wa mbao za kwetu.

#2. Mchangiaji (Pemba)

Ahsante fundi kwa maelezo. Huku kwetu vyombo vya baharini vilikuwa vikipakwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, na chini ya maji vikipakwa deheni ya shahamu na chokaa. Wazee wetu hawakuwa na linsidi na vyombo vyao vilidumu. Je, sifa haifai kwenye mpini wa kisu? Na kama harufu ndiyo tatizo, kwa nini tusitumie mafuta ya nazi ambayo yapo kila nyumba?

#3. Mwanzisha uzi

Swali lako ni la maana, ndugu yangu, kwa kuwa wazo la sifa ndilo hilihili ninaloliandika: mafuta yanayoingia ndani ya mbao, yanayorudiwa kila msimu, badala ya ganda linalopasuka. Chombo hufura na kunywea kila kinapopandishwa pwani na kushushwa majini, na wazee walijua kwamba ganda gumu lisingevumilia mwendo huo. Kwa hiyo kimantiki nipo pamoja nao. Kwa kisu kinachokata samaki wa kuuza au mkate wa watoto, harufu ya sifa haivumiliki, na mfereji mwembamba utaihifadhi. Kwa kisu cha mtu anayekaa chomboni, kinacholala pamoja na kamba na nyavu, sioni ubaya.

Mafuta ya nazi ni jambo jingine. Hayakauki. Yataifanya mbao ing'ae leo, kesho yataendelea kuwa mafuta, yatahamia mfukoni na kwenye kiganja, yatashika vumbi, na baada ya muda yatachacha. Mafuta ya nyonyo ni hivyohivyo. Ya alizeti na ya ufuta yako katikati. Hukauka nusu na kubaki yakinata, na huo unato ndani ya mfereji ni mbaya kuliko mbao tupu.

#4. Mchangiaji (Mombasa)

Mimi ni fundi wa boti na sikubaliani na kuihukumu vanishi kwa jumla. Vanishi ya boti ni laini zaidi kuliko ile ya samani na inafuata mwendo wa mbao. Pia kuna epoksi, ile gundi ya kuchanganya vimiminika viwili, ambayo ikipakwa nyembamba kwenye mbao kavu huziba mvuke kuliko mafuta yoyote. Linsidi, kwa haki kabisa, ni kizuizi hafifu cha mvuke, nayo huota ukungu mweusi kwa urahisi katika joto na unyevu wa pwani. Mteja wako asiporudia kupaka, mwaka ujao atakuwa palepale.

#5. Mwanzisha uzi

Kaka, mambo mawili nakubali bila kusita. Linsidi si kizuizi kikali cha mvuke. Inapunguza kasi ya mbao kunywa na kutoa maji, na kwa kisu kinachotumika kila siku kupunguza kasi kunatosha, maana unyevu wa asubuhi haupati muda wa kuzama kabla ya upepo wa adhuhuri. Na ni kweli inaota ukungu, hasa ikikaa gizani ndani ya ala ya ngozi. Ndiyo sababu nawaambia wateja wasikihifadhi kisu ndani ya ala, na warudie mkono mmoja wa mafuta kabla ya masika.

Kuhusu epoksi, tofauti yetu nadhani iko kwenye aina ya kisu. Kuna visu ambavyo mfereji wake umewekewa bati la shaba au chuma pande zote mbili, na mbao imebandikwa nje tu kama mashavu. Hapo bapa haligusi mbao kabisa, na mbao ikifura inafura kwenda nje. Kisu cha namna hiyo kipake epoksi au vanishi yako ya boti, nami nitakusifu. Ninachokikataa ni utando ndani ya mfereji wa mbao, penye bapa linalosugua kila linapofunguliwa, kwa sababu utando uliokwanguliwa sehemu moja unayapokea maji na kuyanyima njia ya kutoka.

Naomba nikuulize na wewe: kwenye mbao yenye nyufa kitakoni, epoksi yako unaipasha joto kabla ya kupaka?

#6. Mchangiaji (Mombasa)

Naipasha mbao, siyo epoksi. Mbao ikiwa vuguvugu na kuanza kupoa, hewa iliyomo ndani hunywea na kuivuta epoksi iingie kwenye ufa. Ukipaka mbao ikiwa inapata joto, hewa hutanuka na kutoa mapovu kwenye uso. Nimekuelewa kuhusu mfereji. Kwa kisu cha mbao tupu ndani, basi hata mimi ningeacha utando nje ya mfereji.

#7. Mwanzisha uzi

Hilo la kupaka mbao ikiwa inapoa nitalitumia hata kwenye linsidi. Shukrani sana.

#8. Mchangiaji (Lindi)

Wakuu, mimi nachonga mpingo. Nilifuata utaratibu unaofanana na huu kwenye mipini mitatu ya mpingo, na wiki tatu baadaye bado ilikuwa inanata kama imepakwa asali. Linsidi ilikuwa nzima, kwani kopo hilohilo lilikauka vizuri kwenye mninga. Jirani akanishauri nitumie mafuta ya maganda ya korosho, kwa kuwa huku hayana shida kupatikana na mbao iliyopakwa hailiwi na mchwa. Naomba ushauri kabla sijaharibu zaidi.

#9. Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, kwanza yaache hayo mafuta ya maganda ya korosho. Yanachubua na kuunguza ngozi, na wabanguaji wa korosho wa huko kwenu wanayajua madhara yake mikononi mwao. Kwenye nguzo ya uzio yana kazi. Kwenye kitu kinachoshikwa kiganjani kwa saa nzima, na jasho juu yake, hayafai hata kidogo.

Kunata kwa mpingo wako hakukutokana na mkono wako. Mpingo, kama ndugu zake wa jamii ya Dalbergia, una utomvu wake wenyewe ambao huzuia mafuta yanayokauka yasishikane. Habari njema ni kwamba mpingo hauihitaji sana kinga yetu. Ni mzito kiasi kwamba unazama majini, vinyweleo vyake vimejaa, na unyevu huingia polepole mno. Futa ule unato kwa kitambaa chenye tapentaini hadi kitambaa kitoke safi, uache siku mbili, halafu panda msasa 400, 800, hadi 1200 ukipata. Malizia kwa nta ya nyuki peke yake, kidogo sana, na usugue kwa nguvu hadi mbao ipate joto. Vaa barakoa unapopiga msasa, kwa kuwa vumbi la mpingo huwasha pua na ngozi za watu wengi.

Msaji nao una mafuta yake ya asili; jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni kabla ya kugusa mpini. Mninga hunywa linsidi vizuri. Wanaotumia mbao ya mkoko waangalie ribiti ya chuma: mkoko una tanini nyingi, ile dutu ya asili iliyomo kwenye magome na mbao, na tanini ikikutana na chuma na unyevu hutoa doa jeusi kama wino kuzunguka ribiti. Ribiti ya shaba haileti doa hilo.

#10. Mchangiaji (Dar es Salaam)

Habari zenu. Mimi ni mama lishe, na kisu changu cha kukunja nakitumia kumenya vitunguu na kukatia matunda siku nzima. Umesema linsidi ya kuchemsha ina vikaushio vya madini. Je, si sumu hiyo? Na mpini wa pembe ya ng'ombe unapakwa nini? Ninacho na hicho.

#11. Mwanzisha uzi

Dada, umeuliza swali ambalo nilipaswa kulijibu tangu mwanzo. Kwa kisu cha chakula tumia linsidi mbichi isiyotiwa chochote, na mkono wa kwanza upake mwepesi bila tapentaini. Ina maana utasubiri muda mrefu, wiki mbili au tatu kwa kila mkono wakati wa mvua, na baada ya mkono wa mwisho ukiache kisu mwezi mzima kabla ya kukirudisha kazini. Kama huwezi kukaa bila kisu muda huo, nenda duka la dawa ununue mafuta ya parafini ya kunywa, yale ambayo watu hupewa kwa kufunga choo. Hayakauki, hayachachi, hayana harufu. Utapaka kila Jumapili usiku, utaacha hadi asubuhi na kufuta. Kinga yake ni ndogo kuliko ya linsidi, lakini kwa kuwa ni ya kila wiki itakutosha. Hayohayo yatumie kwenye ribiti badala ya mafuta ya cherehani.

Pembe usiiloweke, iwe kwa maji au kwa mafuta ya moto, kwa maana imejengwa kwa tabaka na hufumuka. Ioshe haraka, ifute, ipake nta. Hapo hakuna zaidi.

Na kisu chako kikishaoshwa kisilale kimefungwa. Kiache wazi juu ya rafu, mfereji ukitazama chini, mpaka maji yote yachuruzike.

#12. Mchangiaji (Pemba)

Fundi, nimerudi. Nilikiosha kisu changu kama ulivyoelekeza na kukipima kwa mzani wa duka la jirani. Siku ya kwanza kilikuwa gramu 61, baada ya siku tisa kimefika gramu 57 na kimekaa hapo kwa siku nne. Bapa sasa linatoka bila koleo hata kabla sijapaka chochote. Jana nimepaka mkono wa kwanza nikakitundika juani ili kikauke upesi, na mchana nimekuta matone madogo ya mafuta yamejitokeza juu ya mbao kama jasho. Nimekosea wapi?

#13. Mwanzisha uzi

Gramu nne kati ya 61, na bapa halina maji hata tone. Zote zilikuwa ndani ya mbao.

Hayo matone ni jua. Joto limeitanua hewa iliyomo kwenye vinyweleo nayo imeyasukuma mafuta nje. Yafute leo, kabla hayajaganda, kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, upitishe kitambaa na ndani ya mfereji pia. Kisha ukitundike kivulini kwenye upepo, kikiwa nusu wazi, na kila baada ya saa mbili kipitie kwa kidole mpaka matone yakome. Mkono wa pili usubiri hadi ukikigusa kwa mdomo wa juu usisikie unato. Kidole kina sugu, kinadanganya.